Turubai si nyumba: mbao za Opala zianze kwa familia za Opala

OPALA, jimbo la Tshopo – Kuna aibu ambayo watu wameizoea mpaka hawaioni tena kama aibu. Katika jimbo ambalo mtu akiwa ndani ya ndege haoni chini ila miti na mito, kuna familia zinazolala chini ya plastiki. Mbao zinateremka mtoni, zinapita mbele ya macho ya watoto, zinakwenda kuwa milango na vitanda vya watu wa mbali. Mtoto anayezitazama zikipita hana hata ubao mmoja wa kumtenga na udongo wenye maji.

Wasikilizaji wanajua jambo lilivyoanza. Mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya watu wa jamii za Mbole na Lengola ulilipuka upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka katikati ya Kisangani, ukaenea katika vijiji vya Ubundu na kwenye njia zinazoelekea Opala. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na maelfu wakakimbia. Wengine walivuka mto, wengine waliingia msituni, wengine walifuata ndugu zao. Walipokelewa katika shule, katika makanisa, na zaidi ya yote katika parsele za watu ambao wenyewe hawakuwa na kitu cha ziada. Hayo yanajulikana. Kisichosemwa kwa sauti ni hiki: neno "kwa muda" limekuwa uongo, na uongo huo unawafaa watu fulani.

Mkimbizi wa ndani akiomba mahali pa kujenga, anajibiwa: "Subiri, utarudi kwenu, hii ni kwa muda." Akiomba mbao anapewa turubai. Turubai likipasuka kwa jua na upepo anaambiwa angoje lingine. Muda huo umeshamla mtoto aliyekuja mgongoni mwa mama yake, sasa anatembea na kusema. Ni muda gani huo usiokuwa na mwisho?

Watu wapige hesabu, kwa sababu hesabu haina kabila. Kipimo ambacho mashirika ya misaada yenyewe yameandika katika kitabu chao cha Sphere ni kwamba mtu mmoja apate angalau mita mraba 3.5 za kulala na kukaa chini ya paa, bila kuhesabu mahali pa kupikia. Familia ya watu 8 inahitaji basi mita mraba 28. Turubai linalotolewa kwa kawaida lina mita 4 kwa 5. Likitandikwa chini kama mkeka linafunika mita mraba 20. Likiinamishwa liwe paa, linafunika pungufu ya hapo. Kwa maneno mengine, familia ya watu 8 ikipewa turubai moja, imeshanyimwa kipimo kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Anayepiga picha akikabidhi turubai hilo na kusema "familia imepata makao" anasema jambo ambalo kitabu chake mwenyewe kinalikataa.

Basi familia zinataka nini? Hazitaki jumba la kifahari. Zinataka nyumba ya nguzo nyuma ya nyumba ya mwenyeji, ya kuwatosha wote, baba, mama, bibi na watoto, iliyoinuliwa juu ya ardhi, yenye sakafu ya mbao, kuta za udongo au za mbao, na paa la majani au la mabati kwa atakayeweza. Nyumba kama hiyo si ndoto iliyotoka ng'ambo. Watu wa mtoni wanaijua tangu zamani, wale ambao maji huwafuata mpaka mlangoni kila mwaka.

Sababu ya kuinua nyumba inaonekana kwa macho. Mwishoni mwa mwaka 2023 na Januari 2024 mto Kongo ulipanda kufikia kimo ambacho hakikuonekana kwa miaka kama 60, na Tshopo ilikuwa kati ya majimbo yaliyopigwa. Aliyelala chini alilala majini. Hata pasipo mafuriko, udongo wa huku hauna siku ya kukauka kabisa. Mchwa hupanda kutoka chini, nyoka hutambaa chini, unyevu huingia kifuani mwa mtoto kutoka chini. Sakafu iliyoinuliwa mita moja inapunguza mambo yote hayo kwa pamoja, na chini yake panakauka, panawekwa kuni, panafungwa mbuzi.

Kuna watakaocheka wakisikia kwamba familia nyingine zinataka pia kibaraza juu ya mti, mahali pa watoto kucheza. Watasema: "Hawana chakula, wanataka mchezo?" Kicheko hicho kijibiwe. Katika Ulaya na Marekani watu hulipa mafundi pesa nyingi wawajengee watoto wao kijumba cha mti nyuma ya nyumba. Hapo hakuna anayecheka, wanasema ni malezi mazuri. Mtoto wa Opala aliyeona nyumba yao ikiwaka, huyo ndiye asihitaji mahali pake pa kukaa juu, pa kuona mbali, pa kuwa mtoto? Mbao za kibaraza ni zile zinazobaki nyumba ikiisha. Gharama yake ni siku mbili za fundi na akili kidogo.

Akili yenyewe ni hii, na fundi yeyote mwenye uzoefu ataikubali. Mti ulio hai huyumba na upepo na hunenepa kila mwaka, kwa hiyo haufai kufungwa kwa nguvu kama ukuta. Kibaraza kisimame juu ya nguzo zake chenyewe, na shina lipite katikati ya tundu lililo kubwa kuliko lenyewe, ili mti upumue na sakafu isivunjike. Kisiwe juu kuliko kimo cha mtu mzima. Kiwe na ukingo unaomfika mtoto kifuani, na ngazi pana. Mti wenye uvimbe, tundu au matawi makavu uachwe. Na mti wa matunda usipigwe misumari ovyo, kwa maana jeraha la mti ni mlango wa kuoza, na njaa ya kesho si mchezo.

Lakini kuna nyumba za namna nyingine juu ya miti, na hizo ndizo watu wa Opala wajihadhari nazo. Mwaka 2011 runinga ya BBC ya Uingereza ilionyesha duniani kote watu wa Korowai, wa Papua huko Indonesia, wakihamia katika nyumba iliyojengwa juu sana kwenye mti. Dunia ilishangaa. Mwaka 2018 BBC yenyewe ilikiri kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya kamera. Nyumba ilikuwa nzuri, picha ilikuwa nzuri, ila hapakuwa na familia iliyokuwa inaishi mle.

Karibu zaidi, nchini Kenya, mwaka 1932 kilijengwa kijumba kwenye mti wa mugumo katika msitu wa Aberdare, karibu na Nyeri. Kiliitwa Treetops. Wageni walipanda usiku kutazama tembo na vifaru wakinywa maji. Ndipo alipolala binti mfalme Elizabeth mwezi Februari 1952, usiku ambao baba yake alifariki, akashuka akiwa malkia. Dunia nzima inakumbuka hilo. Isichokumbuka sana ni kwamba pembeni mwa msitu ule waliishi Wakikuyu walionyang'anywa ardhi. Mwaka 1954 Treetops ilichomwa katika vita vya Mau Mau, na mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha kwa nguvu Wakikuyu zaidi ya milioni moja na kuwarundika katika vijiji vilivyozungukwa na ulinzi. Hoteli ilijengwa upya baada ya miaka michache. Waliohamishwa, wengi wao, hawakurudishiwa viwanja vyao.

Fundisho la visa hivyo viwili ni moja. Nyumba inayojengwa ili itazamwe na wageni hupata mbao, misumari na pesa haraka. Nyumba inayojengwa ili familia ilale hungojea. Kila shirika, kila mheshimiwa na kila mkubwa wa kampuni anayekuja Tshopo na kamera aulizwe swali hilo kabla ya kupokewa kwa ngoma: hii unayojenga, ni ya kulala watu au ni ya kupigwa picha?

Sasa neno la mbao. Wanaotetea mambo yalivyo wana jibu moja tayari: "Mkijengea wakimbizi nyumba za mbao mtamaliza msitu." Jibu hilo linapendeza masikioni, na halisimami. Sakafu ya nyumba ya mita 6 kwa 5, inayotosha familia ya watu 8 kwa kipimo kile cha Sphere, yenye mbao za unene wa sentimita 2.5, inakula robo tatu ya mita moja ya ujazo. Nguzo na fito zinatoka katika msitu mdogo uliootea mashamba ya zamani, si katika miti mikubwa ya mababu. Ni nani anayemaliza msitu, mama wa watoto sita anayeomba robo tatu ya mita ya ujazo, au wale ambao shehena zao hupita mtoni bila hesabu kufika kijijini?

Sheria ipo. Kanuni ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, katika kifungu cha 89, inaidai kampuni yenye hati ya kuvuna msitu ijenge barabara, itengeneze hospitali na shule na kusaidia usafiri kwa faida ya wakaaji. Agizo la wizara la mwaka 2010 likaweka mfuko wa maendeleo wa wenyeji, wa dola 2 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo kufuatana na aina ya mti. Amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii yenyewe kupewa msitu wake kihalali, mpaka hekta 50,000. Hayo si maneno ya wapinzani, ni maandishi ya serikali. Lakini ni vijiji vingapi vilivyowahi kusomewa mkataba wao mbele ya watu wote, kwa lugha wanayoielewa, pamoja na hesabu ya mita zilizokatwa? Kijiji kisichojua mita ngapi zimetoka hakiwezi kujua dola ngapi kinadai.

Wenyeji nao wasijifiche nyuma ya kampuni. Wapasua mbao wengi wa msumeno wa mashine ni vijana wa hapahapa, na wanaowauzia miti ni machifu na mabwana ardhi wa hapahapa. Mti mkubwa unaangushwa kwa chupa chache na noti chache, kisha inasemwa kwamba msitu umeibiwa. Aliyefungua mlango asilie peke yake kwamba mwizi ameingia.

Na anayejenga achague kwa akili. Mti wa lifaki, ambao wauzaji huuita sapelli, ndio unaozaa viwavi ambavyo familia nyingi hula na kuuza msimu ukifika. Anayeangusha lifaki ili apate ubao ameangusha pia mboga ya watoto na ada ya shule. Afromosia nayo imo tangu mwaka 1992 katika orodha ya dunia ya miti ambayo biashara yake inasimamiwa, haifai kuguswa ovyo. Kuna miti mingine migumu ya kutosha kwa nguzo, na wazee wanaijua kwa majina. Waulizwe wazee kabla ya kuulizwa wafanyabiashara.

Hata hivyo mbao si fundo kubwa. Fundo kubwa ni kiwanja. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali, na kuhusu ardhi za vijiji ikaahidi amri ya rais ya kupanga haki zao. Vizazi vilizaliwa vikazeeka vikiingoja amri hiyo. Katika tundu hilo ndimo ugomvi unamoota. Chifu mmoja anatoa ardhi, mwingine anasema si yake, mwekezaji anaonyesha karatasi, kijana anaonyesha panga. Vita vya mwaka 2023 vilitoka humo. Wanaosema ni chuki ya damu kati ya Mbole na Lengola wanasahau kwamba watu hao wameoana, wameuziana samaki na wamezikana kwa miaka mingi. Damu haikubadilika mwaka mmoja. Kilichobadilika ni nani ameuza nini kwa nani.

Kwa hiyo mwenyeji anaogopa, na hofu yake haina ubaya. Kwa desturi, anayepanda mchikichi au kahawa, anayejenga kwa mti mgumu, anaonekana ameweka alama ya kukaa. Mwenyeji anajiuliza: kesho watoto wa mgeni hawatasema hapa ni kwao? Mkimbizi naye anaogopa kujenga vizuri asije akafukuzwa siku nyumba itakapopendeza. Hofu mbili zinakutana, na matokeo yake ni turubai.

Dawa ya hofu hizo ni karatasi, tena si ngumu. Iandikwe kwamba kiwanja ni cha mwenyeji na kinabaki chake. Iandikwe kwamba nyumba na mbao zake ni za aliyejenga, na akirudi kwao ana haki ya kuzibomoa na kuzibeba, au kumwachia mwenyeji kwa bei waliyokubaliana. Ziandikwe jina la mume na jina la mke, pande zote mbili, kwa sababu mara nyingi mume hufa au huondoka na mjane hubaki nje. Wawepo mashahidi wa jamii zote mbili, na nakala ibaki kwa chifu na katika ofisi ya sekta, bila kutozwa pesa. Nyumba ya nguzo na misumari inafaa kwa mapatano hayo kuliko nyumba ya matofali, maana inabomoleka na kusafiri. Mtu anaweza kurudi kwao na sakafu yake.

Wapo watakaosema hiyo ni kuwabembeleza wakimbizi huku wenyeji wakisahauliwa. Wasome Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, wa Oktoba 2009, kifungu cha 9. Unataka serikali iwape waliohamishwa chakula, maji na makao, na unasema msaada huo ufike pia, panapofaa, kwa jamii zinazowapokea. Mwenyeji aliyegawa uwanja wake, kisima chake na choo chake ametoa msaada mkubwa kuliko magari mengi yenye bendera. Mbao zikija kwa mkimbizi, zije pia kwa paa la mwenyeji linalovuja. Hapo ndipo wivu unapokosa pa kukaa.

Na deni la nyumba zilizochomwa lisizikwe. Kisangani inajua kwamba nyumba iliyoharibiwa ina bei mbele ya sheria. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliiamuru Uganda kulipa dola milioni 325 kwa vita vyake katika Kongo, vikiwemo vile vya siku sita vya Juni 2000 mjini Kisangani, na katika hizo milioni 40 ni za mali iliyoharibiwa. Walioumizwa walingoja zaidi ya miaka 20. Nyumba za Lubunga na za vijiji vya njiani zisipoandikwa sasa, moja moja, kwa jina na kwa mahali, wajukuu ndio watakaokuja kubishana kuhusu majivu.

Madai basi ni haya, na hayahitaji mkutano wa hoteli. Serikali ya jimbo iorodheshe nyumba zilizochomwa, za jamii zote, na iitangaze orodha hiyo kwenye redio. Mbao zinazokamatwa kwa kukosa hati zisiozee uwanjani wala kupotea usiku. Zitolewe kwa familia zisizo na makao, mbele ya watu, kwa hesabu. Kampuni na wapasua mbao wasomewe mikataba yao vijijini. Mashirika yapunguze turubai na yalete kile ambacho msitu hauzai: misumari, misumeno, nyundo, mabati, na posho ya mafundi wanaotoka kwa wakimbizi wenyewe. Machifu waache kuuza mahali pamoja mara mbili. Vijana wa pande zote wajue kwamba anayewapa panga mkononi hakuwahi kuwapa hata ubao mmoja.

Familia nazo zisingoje kila kitu kitoke juu. Pale ambapo mwenyeji na mgeni wamekwisha kuelewana, karatasi iandikwe wiki hii, nguzo zikatwe mwezi ukiwa mkavu, majirani waitwe kwa kazi ya pamoja kama ilivyo desturi. Watoto wabebe fito ndogo ili baadaye waseme, "Hii tuliijenga." Na sakafu ya kwanza iwekwe kwa mwenye mtoto mchanga na kwa mjane, kabla ya mwenye sauti kubwa.

Msitu wa Opala umewalisha wengi wa mbali. Hautaanguka kwa kuwalaza watu wake pakavu.